Tupeane uzoefu: mlezi wako chuoni alikuuliza nini?

Wakuu, habari za siku. Vyuo vingi siku hizi vinampangia mwanafunzi mlezi, yaani mtu wa kumwongoza masomoni, ila walezi wengi huja na ushauri tayari hata kabla hawajajua wanamlea nani. Naanza na yangu.

Mimi sioni. Mwaka wa kwanza mhadhiri mmoja alitugawia notsi zilizopitishwa kwenye skana. Wenzangu wakasoma, kompyuta yangu kila ukurasa ikawa inatamka neno moja tu: "tupu". Programu inayonisomea skrini inasoma maandishi, na zile zilikuwa picha za maandishi. Nikanyamaza wiki tatu nisionekane msumbufu. Mlezi wangu angeniuliza kama nahitaji msaada, ningesema hapana. Yeye alisema, "Hebu nionyeshe unavyosoma." Akavuta kiti, akafumba macho, tukasikiliza pamoja: tupu, tupu, tupu. Wiki ileile akamfuata mhadhiri, notsi zikachapwa upya, vichwa vya sehemu vikawekwa ipasavyo ili programu ivitambue, si kukolezwa wino tu. Nikawa nabonyeza herufi H naruka sehemu hadi sehemu.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2:
Umenigusa mkuu. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kukanyaga chuo. Mlangoni kwa mhadhiri palibandikwa "Saa za ofisi", nikaelewa kwamba saa hizo ana kazi, asisumbuliwe. Muhula mzima nikawa napita pale kwa kunyata! Kumbe ndizo saa za kupokea wanafunzi! Mwanafunzi wa mwaka wa tatu niliyepangiwa awe mlezi wangu ndiye aliyenipeleka, akabisha hodi yeye.

Mchangiaji wa 3:
Mimi ni mlezi, na nilikosea. Nilipangiwa kijana kiziwi, kwa huruma nikampa mada nyepesi ya utafiti. Akairudisha, pembeni ameandika kwa kalamu: "Niliomba mkalimani, sikuomba mada rahisi." Iliniuma, lakini alisema kweli. Na hata mkalimani alipopatikana, nilikuwa namtazama mkalimani, "mwambie hivi, mwambie vile", mwenyewe kakaa mbele yangu. Nimeshamwomba radhi.

Mchangiaji wa 4:
Nauliza kwa nia njema, huu si upendeleo?

Mwanzisha mada:
Hapana ndugu yangu. Mtihani niliofanya ni uleule na alama ya kufaulu ileile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unataka tufike elimu ya juu kwa usawa na wengine na tufanyiwe marekebisho yanayofaa. Halafu zile notsi zilizochapwa upya, darasa zima lilizikimbilia, maana hata kwenye simu unatafuta neno unalipata.

Mchangiaji wa 5:
Nilirudi chuo nina mtoto wa miezi mitano. Vikao vyote vya malezi viliwekwa jioni, nikakosa viwili, nikaandikwa kwamba siko makini. Mlezi mpya alipokuja aliniuliza, "Mtoto analala saa ngapi?" Nikamwambia saa nne asubuhi. Basi tukawa tunaongea kwa simu saa nne asubuhi, kila baada ya wiki mbili, mpaka nikakabidhi tasnifu.