Safari za siku moja za kihistoria kuanzia Dar es Salaam: tuanzie wapi tukiwa na watoto?

Mzazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Mimi na mume wangu tunaishi Tabata pamoja na watoto wetu wawili, mmoja akiwa darasa la nne na mwingine kidato cha kwanza, na mama mkwe wangu ambaye bado ana nguvu za kutembea ila jua la mchana linamsumbua. Tumekubaliana kwamba kila mwezi tutatenga siku moja ya mwisho wa wiki, tuache kwenda ufukweni au kwenye maduka, tuitumie kuijua historia ya huku tunakoishi.

Mahali pa kwenda hatujakosa. Kinachotusumbua ni kwamba watoto wakiingia makumbusho hutazama makabati mawili matatu ya vioo, husoma kibao kimoja cha maelezo, kisha huanza kuuliza tunaondoka saa ngapi. Kwa hiyo naomba ushauri wa watu waliokwisha kufanya jambo hili na likafaulu: tuanzie mjini au twende Bagamoyo moja kwa moja, na je, safari ya Bagamoyo inatosha kwa siku moja bila kulala? Pia nina wasiwasi kuhusu habari za biashara ya utumwa, kwa sababu huyu mdogo huota ndoto mbaya akisikia simulizi za kutisha, nami sitaki kumdanganya wala kumtia hofu. Mwisho, nasikia lipo tamasha la sanaa Bagamoyo kila mwaka. Je, linawafaa watoto?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, hongera kwa uamuzi huo. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msichague mahali kabla ya kuchagua habari mnayoifuata. Mtoto anayeingia makumbusho bila swali huona vitu vya zamani tu, lakini aliyeingia akimtafuta mtu fulani hukagua kila kabati ili kuona kama mtu huyo yumo. Kwenu ningependekeza mumfuate mpagazi, yaani yule aliyebeba mizigo ya misafara kati ya bara na pwani, kwa sababu nyayo zake zimepita mjini Dar es Salaam na Bagamoyo pia, na kila mahali ameachwa pembeni ya hadithi.

Anzieni katikati ya mji, asubuhi ya Jumapili wakati magari ni machache. Nendeni kwanza mbele ya bandari lilipo Boma la Kale, jengo lililosimamishwa miaka ya 1860 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya hapa. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukadorora, hadi Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwulize huyo wa kidato cha kwanza kwa nini walihama, kisha mwache aitazame bandari, kwa sababu jibu liko mbele ya macho yake: hapa maji ni ya kina na yamekingwa na nchi kavu, ilhali Bagamoyo maji ni mafupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufuko. Akiligundua mwenyewe, hatalisahau. Kisha mtapita kwenye Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamekamilika mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hapo msikawie sana.

Kawieni kwenye Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Kabla yake ilikuwapo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo iliondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Hii tuliyonayo sasa iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikishwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mpeni mdogo ayasome yale ya Kiswahili kwa sauti, kisha mwulizeni: wapagazi wametajwa, lakini wako wapi kwenye sanamu? Anayeonekana ni askari mwenye bunduki. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mchongaji hakuwapa hata mguu mmoja. Nimewahi kuona darasa zima likibishana kuhusu jambo hili mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Jua likianza kuwa kali, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako mama mkwe atapata kivuli na mahali pa kuketi. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, na ndiyo yanayotunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua Oldupai mwaka 1959. Yapo pia magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, na bila shaka watoto watayakimbilia hayo kwanza. Waacheni wayaone, kisha chagueni ukumbi mmoja tu na muwe na nidhamu ya kuiacha mingine kwa siku nyingine. Familia nyingi huwachosha watoto kwa sababu zinataka kuona kila kitu kwa kuwa kiingilio kimekwisha kulipwa.

Mkazi wa Bagamoyo

Dada Mzazi wa Tabata, karibuni kwetu. Ni kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo siku moja inatosha, ilimradi muondoke alfajiri na kukwepa msongamano wa magari. Wageni wengi huanza na mji, kisha hufika Kaole saa saba mchana wakiwa wamechoka na jua liko utosini. Ninyi fanyeni kinyume chake: Kaole kwanza, kusini kidogo ya mji, wakati bado kuna umande.

Pale mtakuta magofu ya misikiti miwili, mmoja ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Mwambie kijana atafute matundu ya mviringo kwenye kuta za makaburi, ndipo bakuli hizo zilipokaa. Halafu msimame mkitazama upande wa bahari, mtaona mikoko. Kaole ilikuwa bandari, lakini mchanga na mikoko viliizuia njia ya vyombo, na biashara ikahama. Ukiunganisha habari hii na ile aliyoieleza Mwalimu kuhusu Bagamoyo na Dar es Salaam, unapata pwani moja ambayo bandari zake hupokezana kwa sababu ya kina cha maji, na mtoto anaona kwamba jiografia ya darasani ina kazi.

Naomba niseme jambo moja kwa msisitizo. Vigae vya kauri bado huonekana ardhini, na watoto hupenda kuviokota. Wakatazeni kabla hamjashuka garini. Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena. Vilevile baadhi ya watu huyazuru makaburi hayo hadi leo kwa dua, hivyo msiyapande wala kuyakalia kwa ajili ya picha.

Kuhusu utumwa, mtoto wa darasa la nne anaweza kuelezwa ukweli bila kuonyeshwa minyororo kwanza. Nendeni misheni, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Mapadri hao walikomboa watumwa kwa fedha na kuwaweka katika kijiji chao, na makumbusho ya misheni yanaeleza maisha yao baada ya kukombolewa: walilima, walisoma, walioana. Mdogo ataanza na watu wenye majina na kazi, ndipo aulize walitoka wapi. Mkubwa wake anaweza kuulizwa swali gumu zaidi, kwamba mtu aliyekombolewa kisha akawekwa chini ya amri za misheni alikuwa huru kwa kiasi gani.

Hapo hapo misheni mtamkuta mpagazi wa Mwalimu. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wafanyakazi wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ambako uliwekwa kwenye mnara wa kanisa mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye London. Ni mwendo wa miezi tisa hivi. Mnara huo huitwa kwa jina la Livingstone, aliyefika pale akiwa maiti; waliofika kwa miguu yao hawana mnara. Wanangu waliposikia habari hiyo walitaka kujua chakula walikipata wapi njiani, na nadhani hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoandikwa kwenye vibao.

Msomaji wa Nyaraka

Nakubaliana na waliotangulia, ila nina angalizo. Bagamoyo mara nyingi husimuliwa kana kwamba kila aliyefika na msafara alikuwa amefungwa mnyororo, kwa sababu wageni wengi huja wakitarajia simulizi hiyo na baadhi ya waongozaji huwapa wanachokitaka. Ni kweli kwamba watumwa walipitishwa hapa, na hilo lisipunguzwe uzito. Lakini katika karne ya 19 biashara kubwa ya mji huu ilikuwa pembe za ndovu, na wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana malipo kabla ya kuondoka, waligoma wakidhulumiwa, na walikuja pwani kwa maelfu kila msimu. Mkifika Caravan Serai, yaani kituo cha misafara, mwombeni mwongozaji awaeleze kuhusu wapagazi huru, kisha kuhusu watumwa, na awatofautishe. Akishindwa kuwatofautisha, mtajua ni kiasi gani cha maelezo yake mkichukue.

Kwa kijana wa kidato cha kwanza ningeongeza habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani katika pwani hii kuanzia mwaka 1888 hadi aliponyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wissmann ndiye aliyetumwa kuyazima mapambano hayo, na sanamu iliyoondolewa mwaka 1916 ilikuwa yake. Msipomtaja Abushiri, kijana hataelewa kwa nini sanamu ile iliwekwa.

Mhitimu wa Sanaa

Kuhusu tamasha, nitajibu kwa ufupi. Linaandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kama TaSUBa, ambayo ni mwendelezo wa Chuo cha Sanaa. Kwa maoni yangu linawafaa sana watoto mchana na haliwafai usiku. Mchana wanaweza kukaribia ngoma, sarakasi na maigizo na kuona wasanii wakijiandaa. Usiku watu huwa wengi, sauti ni kubwa, na barabara ya kurudi Dar es Salaam haipendezi ukiwa na mtoto aliyelala begani. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo zithibitisheni kwa taasisi yenyewe kabla ya kupanga. Wala sikushauri kuchanganya tamasha na Kaole katika siku moja.

Kama jaribio la kwanza, nendeni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ambako zipo nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania na mara nyingi huwapo ngoma mwisho wa wiki. Mama mkwe asiende pale kama msindikizwaji. Mwombeni aieleze nyumba ya kwao, jinsi ilivyoezekwa na nani alilala wapi. Bibi akianza kumsahihisha mwongozaji, hakuna mtoto atakayeuliza mnaondoka saa ngapi.

Mzazi wa Tabata

Mwalimu, shikamoo, na asanteni nyote. Tumeamua kuanza na matembezi ya mjini, kisha Kijiji cha Makumbusho, na Bagamoyo tuiache hadi mwezi wa saba ili tusikutane na masika. Mume wangu ameniuliza jambo ambalo sina jibu lake: je, kuna mahali pa kwenda siku za mvua, na je, magofu ya Kunduchi yanastahili safari ya peke yake au tuyapitie tukielekea Bagamoyo?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Siku ya mvua nendeni Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere na familia yake katika miaka ya 1950, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo na mtaimaliza haraka, na udogo huo ndio wenye faida, kwa kuwa watoto wataona kwamba harakati za TANU ziliendeshwa na watu walioishi katika vyumba kama vyao. Mwambieni mkubwa kwamba Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu na aliacha kazi hiyo mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa.

Kunduchi msiipitie njiani. Ina gofu la msikiti na makaburi ya nguzo kama yale ya Kaole, na mkiyaona yote mawili siku moja watoto watayachanganya. Nendeni Kunduchi wiki chache baada ya Bagamoyo, asubuhi tu, bila mwongozo wa maelezo marefu, na mwacheni mdogo awe ndiye anayewaonyesha matundu ya bakuli. Fedha za viingilio muulize mapema, kwani raia hulipa kiwango chake na wanafunzi chao, nanyi mbebe vitambulisho.