Mrejesho: Kutambua miti ya asili ya Milima ya Taita

Mwezi uliopita niliuliza jinsi mtu aliyekulia Mombasa, anayeijua mikoko na minazi tu, anavyoweza kujifunza kutambua mimea ya asili ya milimani. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na miti michache na kutembea na mwenyeji, nikapanda hadi msitu wa Ngangao, ambako kwa siku nzima tulishughulika na miti mitano. Ulionigusa zaidi ni Prunus africana: jani lake lina meno madogo ukingoni na kikonyo chenye wekundu, na ukilifikicha hutoa harufu ya lozi chungu. Mti wa pili wa aina hiyo niliutambua mwenyewe kabla ya kuambiwa, na furaha ile ingali moyoni. Nilijifunza pia kutoihesabu misonobari na mikalitusi iliyopandwa kuwa miti ya asili.

Ushauri wa kupiga picha na kuzilinganisha nyumbani haukunifaa sana, kwa sababu nilipiga jani moja moja, nikashindwa kujua kama majani yalikabiliana au yalipishana kwenye tawi. Atakayefuata apige tawi zima, pande zote mbili za jani, na gome. Jamii ya kangaga bado imenishinda. Ua la Saintpaulia teitensis, ambalo kwa asili humea katika msitu wa Mbololo pekee, sikuliona. Nitakwenda huko baada ya mvua za vuli.