Ukoo wa Uyole: Sendofu ya Neema 💍

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Wakwe wa Yorkshire wanatua Songwe Alhamisi. MC anataka misemo ya Kiingereza ya kumtambulisha ba'mdogo Gwamaka, maana atakuja na koti la mvua juani, na wageni watashangaa. Nani anayo?

Tumaini: Naona tiki za bluu tu.

Lusajo: "He has a screw loose." Skrubu imelegea 😂

Atu: Mbele ya wakwe? Hilo tusi.

Lusajo: Basi "mad as a hatter". Kichaa kama mshona kofia.

Tumaini: Hiyo nimeipenda! Namtumia MC sasa hivi.

Ipyana: Ndo nashika simu, nilikuwa Mwanjelwa. Michango anashika nani? Isije ikawa kama vile viazi.

Tumaini: Ipyana, viazi vilishaisha.

Ipyana: Viliishaje? Magunia manne, tena rumbesa.

Atu: 🙈 Kwani mshona kofia alikuwa na nini?

Lusajo: Zebaki. Zamani manyoya ya sungura yalipakwa dawa ya zebaki ili yashikane yawe felti, mafundi wakawa wanavuta ule mvuke. Mikono inatetemeka, mtu anaona haya ovyo, mara anafoka. Danbury kule Marekani ugonjwa wakauita kwa jina la mji: "Danbury shakes". Msemo wenyewe watu bado wanabishania asili yake.

Ipyana: Profesa wa kofia 😂😂 tuuzie moja

Tumaini: Jamani MC anasubiri!!

Babu: Nimesoma. Gwamaka alikuwa Chunya, machimboni. Zebaki alikuwa anaikamua kwa kitambaa, mikono mitupu, halafu dhahabu anaichomea jikoni. Ada yako wewe Tumaini ilitoka huko. Akishika kikombe cha chai mnauona mkono wake.

*Lusajo amefuta ujumbe*

Tumaini: Shikamoo babu. Tumekusikia.

Atu: Uko wa hukohuko kwao Yorkshire: "There's nowt so queer as folk." Binadamu wote ni vituko, wakwe wamo, MC yumo. Hautaji mtu.

Tumaini: Huo afadhali. Babu, tuuweke?

Tumaini: Babu?

Ipyana: Kalala huyo. Viazi tunavimaliza lini?

Tumaini: Nani anampigia ba'mdogo tumuulize kwanza mwenyewe? Ule mwingine MC nilishamtumia.

Atu: Mfutie!

Tumaini: Kashausoma. Kaweka 😂. Lusajo, mpigie ba'mdogo.

Lusajo: Sina salio.