Gemu gani ya stratejia rahisi kumodi, yaani kuigeuza utakavyo? Nataka kutia majahazi

mtoto_wa_chake: Asalaam aleykum jamani. Mie nina laptopu kuukuu, RAM giga 4, nataka gemu ya majahazi, Kilwa, Pate, Mombasa na huku kwetu, kaskazi ikivuma mambo yawe mengine na kusi mengine. Koding sijui, najua kufungua notipadi tu. Nimebaki na tatu, Wesnoth, Unciv na 0 A.D., zote za bure. Nishike ipi?

ngalawa_tupu: Waleykum salaam. 0 A.D. iache. Si mbaya, vikosi vyake vimo kwenye faili za XML, maandishi tu hayo, unabadilisha namba basi, ila ukitaka jahazi lionekane jahazi itabidi ulichonge mwenyewe kwenye Blender, programu ya kuchorea maumbo, na laptopu hiyo itanguruma kama mashine ya kukobolea.

bi_mikarafuu: Unciv. Mie nimeanzia kwenye simu. Mataifa faili moja, vikosi faili nyengine, za JSON, nazo maandishi tu, unaandika jina la taifa, miji yake, rangi, basi. Nshaandika miji 12 ya Waswahili. Ila koma ikikosekana pahala haikubali, nilikesha usiku mzima kwa koma moja wallahi.

ngalawa_tupu: Sawa dada, na pepo za kaskazi na kusi atazitia wapi? Ile imeigwa Civilization V, ya kujenga miji.

forodhani_usiku: Ndo maana mie nasema Wesnoth. Ipo tangu 2003, lugha yake WML ni maandishi matupu, na humo mna mchana na usiku, kuna vikosi vya mchana, jua likiwaka pigo lao linazidi asilimia 25, na vya usiku kinyume chake. Mzunguko ni zamu 6, alfajiri mpaka makesha mawili, na ratiba hiyo unaiandika upya utakavyo. Sasa yakhe futa mchana weka kaskazi, futa usiku weka kusi, alfajiri na magharibi ziwe tanga mbili, pepo zikigeuka!

bi_mikarafuu: Khaa! Lakini hiyo ni nguvu ya kupigana tu, jahazi halitakwenda mbio.

forodhani_usiku: Kweli, mwendo utauandikia tukio lake, yaani amri ya kufanya kazi kila zamu ikianza. Ukikwama fungua faili za kampeni, hadithi za kucheza zinazokuja na gemu yenyewe, zote zi wazi, nakili ubandike.

mtoto_wa_chake: Tanga mbili imenimaliza. Naanza Wesnoth leo leo, umeme ukirudi. Dada, ile miji 12 usiifute, naja kuiomba.