Nikichuma kisamvu, mihogo inapungua kweli?

Bi_Kiroba (Mkuranga):
Wakuu, habari za jioni. Nina shamba la mihogo, aina ya Kiroba kwa wingi. Msimu huu kisamvu kinauzika kuliko mihogo yenyewe, basi nachuma. Mama mkwe amekuja juu, anasema naimaliza mihogo ikiwa hai. Kijana wangu wa kidato cha pili akamuunga mkono bibi yake, eti majani ndiyo yanatengeneza glukosi. Nikamwuliza: kama ni sukari, mbona muhogo wangu ni wa unga, si mtamu kama muwa? Akabaki anafunua daftari. Nani anaweza kunieleza?

Mkulima_Bingwa:
Dada, tia mbolea tu. Mbolea ndiyo chakula cha mmea, majani yataota mengine.

Mwl_Mstaafu (Muheza):
Shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamkunipa. Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na mihogo nalima, kwa hiyo hapa mmenigusa kotekote.

Mama mkwe yuko sahihi, na kijana pia. Jani lina vitundu vidogo sana, kwenye muhogo vingi viko upande wa chini. Kaboni dayoksaidi inaingilia hapo. Maji yanapanda kutoka mizizini. Klorofili, ule ukijani, inanasa mwanga wa jua, na nguvu ya mwanga huo inayapasua maji: oksijeni inatoka nje, haidrojeni inatumika kuijenga kaboni dayoksaidi mpaka iwe sukari. Sasa Bwana Bingwa, hapo umeiona mbolea wapi? Muhogo mkavu, karibu uzito wake wote umetoka kwenye hewa na maji. Naitrojeni ya mbolea inausaidia mmea kutengeneza klorofili na protini. Inajenga jiko, haipiki.

Sukari ikishapatikana, mmea unaichoma nyingine kupata nguvu, mchana na usiku, maana nao unapumua. Nyingine inaungwa kuwa selulosi, ndiyo ugumu wa shina. Nyingine inakutana na naitrojeni na kuwa protini, ndiyo maana kisamvu kina protini nyingi kuliko muhogo wenyewe. Inayobaki inageuzwa sukrosi, sukari ileile ya dukani, na kushuka kwa mirija iliyo kwenye ganda la shina mpaka mizizini. Kule inaungwa tena kuwa wanga. Glukosi nyingi ndani ya seli ingevuta maji kupita kiasi. Wanga hauyeyuki kwenye maji baridi, unatulia. Muwa wenyewe huweka akiba yake kama sukrosi, basi ndiyo utamu ule. Ukitaka kumfurahisha kijana, nunua ayodini duka la dawa, mdondoshee kwenye muhogo mbichi uliokatwa. Unageuka bluu nzito, karibu nyeusi.

Ukichuma kupita kiasi unapoteza mara mbili: sukari inayoshuka inapungua, na mmea unarudi kuvunja wanga wa mzizini ili uoteshe majani mapya. Hata bila kuchuma utaliona hilo. Mvua ikianza baada ya kiangazi kirefu, mihogo ikachipua, ing'oe uone: ya maji, haiivi vizuri. Wanga umepanda juu.

Ushauri wangu: chuma ncha, majani yaliyokomaa yaache, kwa sababu ncha changa bado inalishwa na hayo ya chini. Usirudie shina lilelile upesi. Na shina lenye batobato, ule ugonjwa wa mabaka majanini, usiliguse, ukijani wake umeshapungua.

Bi_Kiroba:
Shikamoo mwalimu, na asante. Mama mkwe simwonyeshi huu uzi, hatanipumzisha. Na ule uchungu wa mihogo mingine unatoka wapi?

Mwl_Mstaafu:
Marahaba. Utashangaa, glukosi imo humo pia. Kuna kitu kinaitwa linamarini: upande mmoja ni glukosi, upande wa pili umebeba sianidi, ambayo ni sumu. Hutengenezwa zaidi majanini, kisha hushuka mizizini. Ukitwanga jani, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na linamarini kinaifikia, kinaikata glukosi, na sianidi inapata njia ya kutoka. Kwa hiyo wanaopika kisamvu cha kukatakata tu siwaelewi. Kitwangwe hasa, kichemke muda mrefu, sufuria wazi.

Mtoto_wa_Pangani:
Mbona hakuna aliyetaja kisamvu cha mpira, ule mti wa jamii ya muhogo? Panda kwenye uzio, chuma huko, mihogo iache ijaze. Huo mpira hakuna anayeusubiri mzizi wake.

Mwl_Mstaafu:
Umenena. Na huo mpira una habari yake huku kwetu. Wajerumani waliupanda mkoani Tanga kwa ajili ya utomvu, wakati ule mpira una bei. Mwaka 1913 bei ikaanguka, miti ikabaki. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani, hapa juu milimani, wakaukutanisha na muhogo ili wapate mbegu inayostahimili batobato. Ni ndugu wa muhogo kabisa, kwa hiyo masharti ya kutwanga na kuchemsha ni yaleyale.

Bi_Kiroba:
Kwa jirani upo mmoja mkubwa. Kesho naomba vipando, nianze na upande wa barabarani ambako mbuzi wanaingilia.