Niandike vipi kuhusu mchoraji wa katuni ya kutisha katika makala ya tamthilia?

Swali

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa makala kuhusu The Walking Dead, tamthilia ya kutisha ya wafu wanaotembea, iliyoanza kurushwa na kituo cha AMC cha Marekani tarehe 31 Oktoba 2010 na kumalizika mwaka 2022 baada ya misimu 11. Karibu kila niliposoma, sifa zote anapewa Robert Kirkman, aliyeandika katuni iliyozaa tamthilia hiyo, na wachoraji wanatajwa kwa kupitiwa tu. Hilo linaniuma. Je, nimweleze vipi mchoraji kwa msomaji ambaye hajawahi kuifungua katuni yenyewe?

Jibu la kwanza

Ndugu, anza kwa kuwatenganisha wachoraji wawili. Tony Moore alichora matoleo 6 ya mwanzo, yaliyoanza kutoka mwaka 2003, na kuanzia la 7 hadi la 193, lililofunga hadithi mwaka 2019, mchoraji ni Charlie Adlard, Mwingereza. Moore huchora kila mkunjo wa ngozi iliyooza, na walio hai huwapa nyuso zenye uchangamfu, ilhali Adlard huacha wino mweusi umeze nusu ya uso, na msomaji ndiye anayekijaza kilichobaki gizani kwa hofu zake mwenyewe. Mtaje pia Cliff Rathburn, aliyetia vivuli vya kijivu katika sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa kuwa katuni ilichapwa bila rangi. Hapo msomaji wako ataelewa ugumu uliomkabili Greg Nicotero na mafundi wake wa kuwaremba wafu wa kwenye runinga: kile ambacho wino ulikificha, wao walilazimika kukionyesha mchana kweupe.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ningerudi nyuma zaidi. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni zilizowakataza kuchora wafu wanaotembea na wanyonya damu, na hata kuweka neno la kutisha kwenye majina ya majarida yao. Kampuni ya EC, iliyokuwa ikichapisha Tales from the Crypt, ikaachana na katuni za kutisha. Mmoja wa wachoraji wake, Graham Ingels, ambaye midomo yenye ute na vidole vilivyopindapinda vya wahusika wake havisahauliki, alitia saini ya "Ghastly" kwenye kazi zake. Kituo cha HBO kilipoifanya Tales from the Crypt kuwa tamthilia, kuanzia 1989 hadi 1996, hadithi zilitambulishwa kwa jalada la katuni lililochorwa upya kwa mtindo ule wa zamani. Yaani runinga yenyewe ilikiri kwamba hofu ile ilianzia kwenye karatasi.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nitafungua makala kwa uso mmoja uliochorwa na Adlard, nieleze mahali wino unapoishia, kisha ndipo nije kwenye tamthilia.

Jibu la pili

Vyema. Ila kumbuka kwamba Daryl Dixon, mhusika wa tamthilia ya The Walking Dead na kipenzi cha watazamaji wengi, hayumo kabisa katika katuni. Mweleze msomaji hilo mapema, asije akamtafuta katika kurasa za Adlard.