Wauza vidonge vya kupunguza mwili: ondoeni picha yangu, kisha mniambie kapsuli zenu zina nini

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira, na nitaandika marefu. Asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Nilikuwa na kilo 91. Nilishajaribu kula kidogo, nikashindwa, nikajaribu tena, nikashindwa. Ndipo akaja inboksi dada mmoja mpole kupita kiasi, kila sentensi "mpendwa", kila sentensi "kipenzi". Simtaji yeye wala duka lake, maana sina ushahidi wa maabara mkononi na sitaki kesi. Alisema ana virutubisho vya kupunguza mwili, asilia 100%, havina kemikali, havina madhara, hata mama anayenyonyesha anatumia. Hiyo ya mama anayenyonyesha ingetosha kunistua. Haikunistua. Mtu akishachoka na mwili wake, masikio yanachagua cha kusikia.

Kopo lilikuwa jeupe, kifuniko cha kijani, picha ya jani lenye umande. Nyuma majina ya mimea saba, na chini yake maandishi ya ukubwa wa siafu: "mchanganyiko maalumu, miligramu 500". Basi. Mmea upi kiasi gani, hakuna. Mimi nilidhani ni uzembe wa mtengenezaji mmoja. Kumbe ni mtindo unaoruhusiwa kabisa: Marekani, kwa mfano, mtengenezaji wa virutubisho anaweza kuandika jumla ya mchanganyiko wake bila kutaja kila kiungo kina uzito gani, mradi majina yawepo. Na kwa sheria yao ya mwaka 1994, kirutubisho hakihitaji kuthibitishwa na mamlaka ya chakula na dawa kabla ya kuingia sokoni. Dawa inathibitishwa kwanza ndipo iuzwe. Kirutubisho kinauzwa kwanza, mamlaka inakuja kukifukuza baadaye kikishaumiza watu. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi. Sasa wewe unayenunua inboksi kwa mtu usiyemjua, unalindwa na nani?

Turudi kwenye kopo. Siku ya tatu njaa ilikata. Haikupungua, ilikata kama umeme. Nilikaa mchana kutwa sijakumbuka chakula, nikajiona nimepona. Kisha mdomo ukaanza kukauka, ulimi unagandana na kaakaa, nakunywa maji lita kwa lita haisaidii. Usingizi ukaondoka. Saa nane za usiku nimelala ubavu wa kushoto, nausikia moyo ukigonga kwenye mto kama mtu anayepiga hodi. Nikamwandikia dada wa watu. Jibu lake: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini kipenzi, vumilia, ndiyo inafanya kazi." Eti sumu inatoka. Ini na figo vinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kuhitaji kapsuli ya mtu, lakini kwa wakati ule nilimwamini nikaendelea.

Siku ya kumi nikapanda mizani: 86.4. Kilo 4.6 zimekwenda! Nikapiga picha nikamtumia. Picha hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Sasa fanyeni nami hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ile. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Kilo 4.6 ni zaidi ya kalori 35,000. Ukigawa kwa siku kumi, ni 3,500 kila siku, juu ya zile nilizokuwa nakula. Watu wengi hawachomi kiasi hicho kwa siku nzima hata wasipotia kitu mdomoni. Kwa hiyo mafuta yaliyoondoka ni sehemu tu. Kingine ni utumbo mtupu na maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya hifadhi hiyo imeshikamana na maji kama gramu tatu. Usipokula siku chache hifadhi inaisha, maji yake yanatoka, mizani inashangilia. Ukirudi kula, yanarudi. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana ahadi zao zote ni za siku saba, siku kumi, wiki mbili. Hamna anayekuahidi mwaka.

Na zile chai za kusafisha tumbo, ambazo nilipewa kama zawadi juu ya kopo, ni wizi wa aina hiyohiyo. Nyingi zina sena, dawa ya kuharisha inayofanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kikifika huko, sehemu kubwa ya nguvu zake imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachoharisha ni maji na chumvi za mwili. Tumbo linakuwa bapa asubuhi, suruali inafunga, unatoa ushuhuda.

Siku ya 13 nilipanda ngazi za ghorofa moja nikaona nyota. Nikapelekwa hospitali. Presha 158 kwa 102, mapigo 124 nikiwa nimekaa. Daktari hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Dada, unakunywa dawa gani ya kupunguza mwili?" Nikasema si dawa, ni mimea. Akacheka kwa huzuni, ile ya mtu aliyelisikia jibu hilo wiki iliyopita na wiki kabla ya hiyo. Akaniambia nisimeze tena hata moja, kisha akanieleza habari za sibutramini.

Ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito, ya kuandikiwa na daktari. Inakata hamu ya kula, na pamoja na hilo inakausha mdomo, inafukuza usingizi, inapandisha presha na mapigo. Utafiti mkubwa wa watu kama 10,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo ulionyesha kuwa waliotumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wasiotumia, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Lakini haikufa. Mpaka miaka ya karibuni mamlaka za dawa zimeendelea kuikamata ndani ya kapsuli na kahawa za kupunguza mwili zinazouzwa kama mimea mitupu, wakati mwingine pamoja na fenolfthalini, dawa ya zamani ya kuharisha iliyoondolewa kwa hofu ya saratani. Daktari hakusema ndiyo iliyokuwa kwenye kopo langu, na mimi sisemi. Nasema dalili zangu zote zilikuwa kwenye orodha aliyonisomea, na jani lenye umande halikuwa na dalili hata moja kati ya hizo.

Najua atakuja mtu hapa kusema "si zote, mimi natumia garsinia na sijaumwa". Garsinia ni dondoo ya tunda inayouzwa kama kipunguza mwili. Sawa mkuu, hujaumwa. Na kupungua je? Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu 135, wiki 12, wote wakapewa mlo uleule wa kupungua. Nusu wakameza garsinia, nusu vidonge vitupu visivyo na kitu. Wa garsinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Wa vidonge vitupu kilo 4.1. Tofauti hiyo ni ndogo, haihesabiki kitakwimu, lakini kama ni hivyo si bora uniuzie kopo tupu?

Dondoo ya chai ya kijani nayo, kila mtu anasema "ni chai tu". Chai ya kikombe ni jambo jingine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kuwa katekini yake kuu (kemikali ya asili iliyomo kwenye majani ya chai) ikifika miligramu 800 kwa siku kwa njia ya virutubisho, vipimo vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Na kumbuka "mchanganyiko maalumu" hauandiki una ngapi.

Wanaotaka kunenepa msidhani mmepona. Zile za hipsi na mashavu, mamlaka zimeshakuta ndani yake siproheptadini, dawa ya mzio ambayo inaleta njaa na usingizi, na nyingine zikiwa na deksamethasoni, ambayo inavimbisha uso mnaita umenawiri. Hiyo ya pili ukiitumia muda mrefu kisha ukaiacha ghafla inaweza kukulaza hospitali. Mdogo wangu alikuwa na kopo lake chumbani. Nililitoa mwenyewe, tukagombana, hatukuongea siku mbili.

Niliacha. Moyo ulitulia ndani ya wiki moja hivi. Baada ya mwezi na nusu mizani ilisoma 90.2. Sawa, nilitegemea. Sijaja hapa kulilia kilo.

Nimekuja kwa sababu ya ile picha. Jana rafiki yangu kanitumia tangazo, ananiuliza kama anunue. Nikafungua, nikaona mizani ya kioo, namba 86.4, na juu yake maandishi ya rangi: "Mteja wetu! Siku 10 tu! Bila madhara yoyote!" Nilimwandikia muuzaji aitoe, nikampa na cheti cha hospitali. Akasoma. Tiki mbili. Kisha akanifungia.

Kwa hiyo ukiiona picha hiyo popote, itazame vizuri. Zulia la bluu, nyayo mbili, ukucha wa kidole gumba cha kushoto umepasuka katikati. Ule mguu ni wangu. Usiku wa siku ileile niliyoipiga, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na vidole viwili shingoni, nahesabu mapigo, nafika mia, naanza upya.